Kabla hujaziaga matatu za Kimilili kwa gari kuukuu la dizeli

Kama wewe ni mmoja wa wale tunaokutana steji ya Kimilili saa kumi na moja na nusu alfajiri, koti limefungwa hadi shingoni, tunangoja matatu ijae ndipo iondoke, basi nadhani nalijua wazo lililokuingia. Umeona Corolla ya mgongo mrefu, ya miaka ya tisini, imebandikwa karatasi kwenye kioo: inauzwa, dizeli, bei ya mapatano. Ukajiambia dizeli ni rahisi, haili mafuta, na mwenyewe anauza kwa bei ya pikipiki mbili.

Mimi naendesha moja ya hizo, Kimilili hadi Kitale na kurudi, mwaka wa tatu sasa. Chuo niliacha nikiwa mwaka wa pili karo ilipokatika, kwa hivyo haya sikufundishwa darasani. Nimeyapata gerejini, nikiwa nimeshika tochi huku fundi mzee akinikaripia nisogeze mwanga.

Tuanze na hesabu ambayo wauzaji hawakupigii. Kimilili hadi Kitale kupitia Kamukuywa na Kiminini ni karibu kilomita 50, kwa hivyo kwenda na kurudi weka 100. Gari kuukuu la dizeli la lita mbili, likiwa na afya, litaenda kama kilomita 15 kwa lita. Hiyo ni lita 6.7 kwa siku. Tuseme dizeli ni Sh170, umechoma Sh1,130 hivi. Matatu, tuseme Sh200 kwenda na Sh200 kurudi, ni Sh400. Ukiwa peke yako ndani ya gari, matatu imekushinda mara mbili na zaidi, na bado hatujataja oili, matairi wala bima.

Sasa unaona kwa nini nasema usikimbie. Gari linaanza kuwa na maana mkiwa watatu au wanne mnaotoka mtaa mmoja na kwenda mji mmoja, mkigawana mafuta. Wanne mkigawana Sh1,130, kila mmoja ni chini ya Sh300. Ama uwe na mizigo: mayai, mikate, vitambaa, vifaa vya kazi ambavyo konda angekutoza kama abiria wa pili. Ama unatoka kazini saa ambazo matatu zimeisha na boda anakuitisha pesa ya kuogofya. Kama hauko kwenye hayo makundi, endelea na matatu bila aibu.

Na ukilinganisha na petroli? Corolla ya umri huo ya petroli ikienda kilomita 12 kwa lita, kwa bei ya Sh182, utachoma kama Sh1,500 kwa safari hiyo hiyo. Tofauti ni kama Sh380 kwa siku, Sh8,000 na kitu kwa mwezi wa siku 22 za kazi. Hizo Sh8,000 ndizo faida yako yote ya dizeli. Usizile. Ndizo zitakazonunua nozo na belti. Bei zenyewe zinabadilishwa na EPRA kila tarehe 14 ya mwezi, na wengi wetu hatujasahau Oktoba 2023 dizeli ilipogonga Sh205.47 Nairobi, na huku kwetu huwa haishuki chini ya Nairobi.

Utauliza, kwa nini kuukuu hivyo? Kwa sababu Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza huko lilikotoka. Dizeli ndogo za bei ya chini, Corolla zenye injini ya 2C na Nissan AD zenye CD20, ziliingia zamani na zimebaki humu humu, zikibadilisha wenyewe, nambari zao zikianza na KA. Wazazi wetu walikuwa na Peugeot 504, ile iliyoshinda Safari Rally 1975 na tena 1978, na ambayo ikiwa na viti vya safu tatu ilibeba watu hadi Nairobi. Sisi tumerithi Corolla.

Dizeli mpya zipo, Mazda Demio kwa mfano, na kwa kweli ni tamu kuendesha. Lakini mfumo wake wa mafuta unafanya kazi kwa presha ya zaidi ya bar 1,000, una kompyuta, una chujio la masizi kwenye ekzosi ambalo linataka safari ndefu ili lijisafishe. Nozo moja ikikufa unaweza kuuza ng'ombe. Injini ya 2C haina kompyuta ya kuhesabu mafuta. Fundi wa Kimilili anaifungua kwa spana alizo nazo, na hapo ndipo urahisi wake ulipo.

Haya, umeamua kwenda kuliangalia. Fika mapema, bila kupiga simu mara tano. Weka mkono juu ya boneti. Kama ni ya moto na mwenyewe anasema gari halijawashwa tangu jana, mshukuru kwa chai na uende zako. Dizeli husema ukweli ikiwa baridi. Haina plagi za cheche; inabana hewa hadi iwe moto wa kuwasha mafuta, na hewa hiyo hubanwa zaidi ya mara 20. Asubuhi ya Kimilili, upepo wa Mlima Elgon ukishuka, injini iliyochoka haibani vya kutosha, na plagi za kupasha moto zikiwa zimeungua utaisikia ikizunguka, ikizunguka, kisha inatoa moshi mweupe na kukohoa. Ukiona gari limeegeshwa kwenye mteremko, pua ikitazama chini, jiulize kwa nini. Sisi wa huku tunajua mteremko ni stata ya maskini.

Ikishawaka, fungua kifuniko cha oili juu ya injini huku inanguruma. Mvuke kidogo si kitu. Lakini kikicheza kama kifuniko cha sufuria ya ugali na moshi ukapuliza kwa mapigo, ringi zimeisha. Kisha nenda nyuma uangalie moshi. Mweusi unamaanisha mafuta ni mengi kuliko hewa: nozo zinatiririka badala ya kunyunyiza, ama filta ya hewa imejaa vumbi la barabara ya maram. Huo unatibika. Wa buluu ni oili inaungua, na huo ni mfuko wako unaungua. Mweupe ambao hauishi hata injini ikipata moto, huku maji yakipungua kwenye rejeta, usiongeze hata swali moja.

Hapo kwenye maji nataka tukae kidogo.

Block ya 2C ni chuma, hedi yake ni alumini. Vikipata moto kupita kiasi havitanuki sawasawa, na hedi hupinda au hupasuka, mara nyingi katikati ya valvu. Uliza fundi yeyote wa miji hii, Bungoma, Webuye, Kitale, atakwambia hedi ndiyo imeua nyingi za hizi gari. Si kwamba injini ni mbaya. Ni kwamba ukiichemsha mara moja tu kwa ukaidi, haikusamehi.

Kuna jirani yangu anayesambaza mayai. Alinunua dizeli yake akiwa na mpango mzuri kabisa: wateja Kitale, trei sitini kila safari, mkopo wa chama. Fundi aliyempata alimtolea themostati, akamwambia, "Hii ni ya nchi za baridi, huku inazuia maji tu." Umewahi kuambiwa hivyo? Karibu kila mtu ameambiwa. Lakini themostati haizuii tu. Injini ikiwa baridi inafunga maji ili ipate moto haraka, na kwa injini nyingi, ikifunguka, upande wake wa pili unaziba njia ya mkato ili maji yote yapitie rejeta. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka ndani kwa ndani bila kupoa. Kwenye tambarare hutagundua. Panda sasa. Bungoma mjini ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na Kitale ni 1,900. Nusu kilomita nzima unaipanda, na huyu alikuwa amepitia Bungoma kuchukua mzigo, kwa hivyo aliipanda yote na trei zake.

Mshale ulipanda akiwa amebakisha kilomita tatu hivi. Mayai nyuma, mteja anapiga simu. Akaendelea. Unafikiri wewe ungesimama? Hedi ilichomelewa, ikakaa wiki chache, ikapasuka pembeni ya pale pale. Akanunua nyingine kuukuu, nayo ikaja na ufa wake. Mwishowe gari liliuzwa kwa Sh60,000 kwa watu wa vyuma, deni la chama likabaki, na siku hizi namwona kwenye matatu, trei zimefungwa kwa kamba, amezipakata mapajani. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia niliandike hili.

Kwa hivyo pesa yako ya kwanza, kabla ya redio, kabla ya rimu, iende kwa maji. Rejeta ifunguliwe isafishwe ndani, au ibadilishwe roho yake. Themostati mpya. Kifuniko cha rejeta kipya, maana kikilegea presha haishikiki na maji yanachemka mapema. Paipu za raba zilizovimba, toa. Feni ya hizi Corolla ni ya umeme, kwa hivyo hakikisha inajiwasha yenyewe injini ikipata moto. Mafundi wengi wameifungia swichi kwenye dashibodi uwashe kwa mkono, na siku utakayosahau ndiyo siku itakayokukumbuka. Tumia kuleni halisi iliyochanganywa na maji safi, si maji ya mto Kamukuywa. Maji ya chumvi na tope yanakula alumini kimya kimya.

Unataka kujua kama gasketi tayari imekufa? Injini ikiwa baridi, fungua rejeta, washa gari, tazama. Mapovu yakitoka mfululizo bila kukoma, presha ya silinda inaingia kwenye maji. Na kamwe usifungue kifuniko injini ikiwa moto. Kovu la shavuni la fundi wangu linatosha kwa sisi wote.

Mafuta nayo. Pampu ya 2C haina oili yake. Dizeli yenyewe ndiyo inayoilainisha. Mafuta ya taa hayana ule utelezi. Zamani yalikuwa rahisi kuliko dizeli, watu wakachanganya, mpaka Septemba 2018 serikali ilipoyawekea tozo ya Sh18 kwa lita ili kuua hiyo biashara. Bei zikakaribiana, na uchanganyaji ukapoteza faida yake. Lakini dizeli ya mtungi kando ya barabara bado iko, hasa ukielekea mpakani, na hujui imekaa na nini. Nunua kituo kimoja chenye wateja wengi, weka risiti. Chini ya filta ya dizeli kuna kikomeo kidogo: kifungue kila wiki mbili, maji yaliyotuama yatoke kwenye chupa uyaone kwa macho yako. Ukibadilisha filta, pampu ya mkono iliyo juu yake ibonyeze mpaka iwe ngumu, ndipo uwashe. Hewa ikibaki ndani gari halitawaka, na kuna mtu atakuuzia pampu nzima kwa shida ya dakika mbili.

Belti ya taiming ya 2C hubadilishwa kila kilomita 100,000. Wewe hujui iliyomo imeenda ngapi, na kilomita za dashibodi ni hadithi za abunuwasi, kwa hivyo badilisha wiki ya kwanza, pamoja na beringi yake ya kukaza. Ikikatika, pistoni zinagonga valvu. Nissan ya CD20 ina belti mbili, ya valvu na ya pampu. Usikubali kubadilishiwa moja.

Oili ni kila kilomita 5,000. Kwa safari yetu hiyo ni miezi miwili na siku kadhaa tu. Nunua iliyoandikwa ya dizeli, 15W-40 inatosha. Itakuwa nyeusi baada ya siku mbili. Usishtuke, ni masizi, ndiyo kazi yake kuyabeba.

Sasa kuboresha, mahali ambapo vijana tunapotelea. Najua unataka kuuliza kuhusu tabo. Ndiyo, 2C-T ilikuwepo kiwandani. Lakini kubandika tabo kwenye injini isiyozaliwa nayo ni kuongeza moto kwenye hedi ile ile tuliyoizungumzia. Nilipomuuliza mzee wangu wa gereji alinyamaza, akafuta mikono, akasema, "Kijana, hii gari inataka maji, wewe unataka kuipatia pilipili."

Kama una pesa ya ziada, nozo nne zipimwe na kurekebishwa kwa mashine kwenye duka la pampu. Mjini Kitale na Eldoret wapo. Utasikia gari limepata miaka kumi nyuma, kelele ya kugonga inapungua, na moshi unaisha. Hakuna kitu kingine ambacho kimenipa tofauti kubwa hivyo. Kisha weka kengele ya joto: kisensa kidogo na kipaza sauti cha kupiga kelele joto likipita kiasi. Usiku hutazami mshale, unatazama barabara.

Na barabara yetu usiku unaijua. Kati ya Webuye na Bungoma trekta za miwa zinatembea bila taa za nyuma, trela limezidi upana, mua umening'inia kama mkono wa mlevi. Ndiyo maana taa zako zinastahili pesa kuliko spika. Lakini usiweke zile balbu nyeupe za LED kwenye glopu ya zamani. Mwanga unatawanyika, unampofusha anayekuja, na wewe mwenyewe huoni mbali. Piga vioo vya taa msasa na polishi, weka rilei ili umeme ufike wote kwenye balbu, elekeza taa chini ya macho ya wengine. Betri nayo iwe kubwa, kama Ah 70, maana stata ya dizeli ina kazi nzito asubuhi.

Matairi, soma ubavuni. Tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT ni wiki na mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Kuna mitumba inayong'aa kwa rangi ya viatu na ina umri wa mtoto wa darasa la nane.

Kuhusu kuinua springi ili upande Kapsokwony mvua ikinyesha: kidogo si mbaya, mradi usipange mbao na vipande vya chuma. Ekseli za mbele zikisimama kwa pembe kali, jointi zinaanza kulia ukikata kona, na mlio huo ni wa pesa.

Jambo ambalo halipendwi kusemwa. Kugawana mafuta na wenzako wa kazi ni kitu kimoja. Kusimama Kamukuywa ukiita "Kitale, Kitale, mbili zimebaki" ni kitu kingine, hata kama kila mtu anafanya. Bima ya chini kabisa ambayo sheria inadai, ile ya kulinda watu wengine, ukiichukua kama gari la kibinafsi haikupi ruhusa ya kubeba abiria wa kulipa. Siku trekta la miwa likikuharibia safari na nyuma umebeba mama asiyejulikana jina, kampuni itauliza alikuwa amelipa nauli ama la, na swali hilo litakujia wewe ukiwa hospitalini ama mahakamani. Wale wanne wangu tunajuana kwa majina, tuna kikundi cha WhatsApp, na pesa ya mafuta inatumwa Jumapili jioni. Mmoja akikosa wiki nzima tunaongea, kwa sababu bila yeye hesabu ya juu inaharibika.

Na kabla hujatoa hata shilingi, omba logibuku, kisha linganisha nambari ya chesisi na ya injini na zilizo kwenye gari lenyewe. Gari nyingi za umri huu zimebadilishwa injini, na injini isiyo kwenye rekodi ni mzigo wako tangu siku unayolipa. Kuhamisha umiliki kunafanyika mtandaoni kupitia mfumo wa NTSA kwenye eCitizen, na lazima muuzaji aingie kwenye akaunti yake akubali. Huyo anayekuuzia akisema "mwenye gari yuko Nairobi, tutamalizana baadaye", baki na pesa zako mpaka huyo wa Nairobi akubali kwenye simu yake. Akisema mwenye gari alifariki, basi mpaka familia ipate barua za urithi kortini hakuna wa kukuhamishia. Dizeli yangu ya kwanza kuipenda ilikuwa hivyo, Chwele, safi ajabu, haina kutu hata mlangoni. Bado iko pale chini ya mwembe. Wana watatu hawajakubaliana ni ya nani.